Ukaguzi wa Diski ya Wingu Unapofaulu Leo na Kushindwa Kesho

Seva ya Linux iliyo kwenye wingu ikiwaka leo bila shida, kisha kesho ikakwama kwenye ukaguzi wa mfumo wa faili, usikimbilie kutengeneza. Data iliyoharibika haijiponyi yenyewe. Kasoro inayokuja na kuondoka aghalabu hutokana na njia ya kuifikia diski, kwani diski nyingi za wingu huunganishwa na seva kupitia mtandao na huweza kuchelewa kuonekana.

Anza kwa kusoma namba ambayo fsck, amri ya Linux ya kukagua mfumo wa faili, huirudisha inapomaliza. 0 ina maana kuwa hakuna kosa, 1 kuwa makosa yamesahihishwa, 4 kuwa yapo yaliyobaki, na 8 kuwa ukaguzi wenyewe haukuweza kufanyika, kwa mfano diski ilipokosekana au ilipokuwa ikitumika. Namba hizi hujumlishwa, hivyo 12 ni 4 na 8 kwa pamoja. Kuichukulia 8 kana kwamba ni 4 ni hatari, kwa sababu humfanya mtu aanze kurekebisha diski isiyo na tatizo.

Ukipata 8, fungua faili la /etc/fstab, lenye orodha ya diski ambazo seva huziunganisha inapowaka. Diski iliyoandikwa humo kwa jina kama /dev/nvme1n1 inaweza kupewa jina jingine seva inapowashwa upya, kwa hiyo itambulishe kwa UUID, kitambulisho cha kudumu cha mfumo wa faili kinachoonyeshwa na amri ya blkid. Systemd, programu inayoendesha uwashaji wa Linux, kwa kawaida huisubiri diski kwa sekunde 90. Muda huo hurefushwa kwa chaguo la x-systemd.device-timeout katika faili hilohilo.

Ukipata 4 kwenye ext4, aina ya mfumo wa faili wa Linux, chukua snapshoti (nakala ya diski ilivyo wakati huo) kabla ya lolote, unda diski mpya kutokana nayo, na uiunganishe na seva nyingine ili UUID mbili zinazofanana zisigongane. Hapa pana jambo ambalo huwapotosha wengi: e2fsck -fn, amri ya kukagua ext4, husoma tu bila kuandika, kwa hiyo haikamilishi mabadiliko yaliyosubiri kwenye jonali (kumbukumbu ya mabadiliko ambayo bado hayajaandikwa mahali pake), na snapshoti ya diski iliyokuwa kazini inaweza kuonyesha makosa ambayo jonali ingeyaondoa. Kwenye nakala hiyo, na si kwenye diski halisi, endesha e2fsck -fy, ambayo hurekebisha makosa bila kuuliza. Kwa XFS, aina nyingine ya mfumo wa faili, tumia xfs_repair, kwani fsck.xfs kwa kawaida haikagui chochote.

Mwisho, linganisha saa za kushindwa na ujumbe wa dmesg, amri inayoonyesha taarifa za kiini cha Linux. Yakionekana makosa ya kusoma au kuandika diski katika dakika zilezile, mpelekee mtoa huduma kumbukumbu hizo pamoja na kitambulisho cha diski.