Somo: Namna ya kuchagua chuo cha shahada ya kwanza ya biashara (someni kabla ya kuuliza)

Habari zenu wakuu. Kila msimu wa udahili ukifika napata ujumbe ule ule: "Chuo gani kizuri kwa biashara?" Nimewajibu watu mmoja mmoja mpaka nimechoka. Sasa naandika hapa mara moja, na atakayeniuliza tena nitamwelekeza huku. Nilisoma biashara, nimefanya kazi za hesabu tangu nihitimu, na kuna hatua moja niliyoikosea ikanila miaka miwili. Hiyo nitaieleza kwa kirefu. Zile nyepesi nitazipita haraka.

Kabla ya yote, shikeni hili: unachagua programu, chuo kinakuja baadaye. Ndani ya chuo kimoja uhasibu unaweza kufundishwa vizuri mno, na masoko yakawa yameachwa yajiendee.

Hatua ya 1. Andika kazi tatu ambazo ungependa uwe unafanya miaka mitano baada ya kuhitimu. Ukikosa hata moja, tafuta programu ambayo mwaka wa kwanza wote mnasoma pamoja na mchepuo mnachagua baadaye.

Hatua ya 2. Hakikisha chuo kinatambuliwa na mamlaka ya elimu ya juu ya nchi kilipo. Jina ulitafute kwenye orodha ya mamlaka yenyewe, si kwenye tovuti ya chuo.

Hatua ya 3. Usitegemee jina la shahada. BBA mara nyingi huegemea usimamizi, BCom huegemea uhasibu na fedha, BSc huwa na hesabu na takwimu zaidi, lakini kila chuo kina mambo yake. Chukua orodha ya kozi za miaka yote, kaa na kalamu, hesabu ni ngapi za uhasibu, ngapi za fedha, ngapi za takwimu, ngapi za sheria. Dakika ishirini zinatosha. Angalia na urefu: England shahada hii kwa kawaida ni miaka 3, Scotland ni 4, Marekani ni 4 yenye saa za krediti (kipimo cha uzito wa kozi) zipatazo 120, na sehemu kubwa ya miaka miwili ya mwanzo huko ni masomo ya jumla. Kama huna hamu ya kusoma historia na sayansi kabla ya kufika kwenye fedha, ujue mapema.

Hatua ya 4. Ithibati ya kitivo, yaani shirika la nje kuthibitisha ubora wake. Hii ni tofauti na ile ya hatua ya 2. AACSB, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1916, hukagua kitivo kizima cha biashara. Vitivo vingine huongeza ithibati yake ya pili, ya uhasibu peke yake. EQUIS ni ya shirika la EFMD la Ulaya, hutolewa kwa miaka 3 au 5 kisha kitivo hukaguliwa tena. EFMD hiyo hiyo ina ithibati nyingine ya programu mojamoja. AMBA, ya mwaka 1967, kazi yake kubwa ni MBA (shahada ya uzamili ya biashara), kwa hiyo nembo yake haikuambii lolote kuhusu shahada ya kwanza. Kitivo kisicho na ithibati hizi si lazima kiwe kibaya, maana ni ghali na huchukua miaka kuzipata. Ila ukikutana na nembo usiyoijua, itafute. Kuna mashirika ya ithibati yaliyoundwa ili kuuza vyeti tu, na majina yao huwa yanafanana na ya yale ya kweli.

Hatua ya 5. Utambuzi wa bodi za taaluma. Hapa someni polepole, maana hapa ndipo nilipoangukia.

Nilikuwa nataka uhasibu wa kitaaluma, ule wa ACCA, bodi ya wahasibu yenye makao Uingereza. Mtaala wake tuliousoma sisi ulikuwa na mitihani 13, na mhitimu wa shahada inayofaa angeweza kusamehewa hadi 9, akabaki na ile 4 ya juu ambayo haina msamaha. Kijitabu cha chuo changu kilikuwa na maneno "tunatambuliwa na ACCA" kwenye jalada. Nikaridhika. Nikajiandikisha usimamizi wa biashara, mchepuo wa fedha. Mwaka wa tatu tukapewa kuchagua kati ya Ukaguzi wa Hesabu na Tabia za Watu Kazini. Nilichukua ya pili kwa sababu haikuwa na mtihani wa mwisho, ni kazi za kuandika tu. Nikahitimu, nikatuma nakala ya matokeo yangu nikisubiri misamaha 9. Ilirudi 4. Ule utambuzi wa kwenye jalada ulikuwa wa programu ya uhasibu, iliyokuwa inafundishwa ghorofa ya juu ya darasa letu. Yangu walipima kozi kwa kozi: kodi sikusoma, ukaguzi niliukimbia mwenyewe. Mitihani 5 ya ziada nikaifanya usiku baada ya kazi, kila mmoja na ada yake. Bodi haikunionea. Mimi ndiye sikuuliza.

Kwa hiyo zingatieni haya. Utambuzi hufungwa kwenye programu, haufungwi kwenye chuo. Una mwaka wake pia: shahada iliyotambuliwa kwa waliohitimu juzi huenda isitambuliwe kwa mtakaohitimu miaka minne ijayo. Mara nyingi msamaha hutegemea kufaulu kozi fulani kwa jina, nyingine zikiwa za hiari, na mshauri wa masomo anaweza asikukumbushe. Na kusamehewa mtihani si bure, kuna ada ya msamaha kwa kila karatasi. Uliza bodi yenyewe. ACCA ina kikokotoo cha misamaha kwenye tovuti yake: unachagua nchi, chuo, programu na mwaka wa kuhitimu, kinakupa jibu. Piga picha ya jibu hilo, iweke. Ikiwa chuo kinasema kitu na bodi inasema kingine, fuata bodi.

Mnaolenga CPA ya Marekani, yaani leseni ya uhasibu ya huko, hesabu yenu ni nyingine. Kwa miaka mingi majimbo yamedai saa 150 za krediti wakati shahada ina 120 hivi, na sasa baadhi yameanza kufungua njia nyingine. Soma masharti ya jimbo husika, usisome ya jirani yake.

Hatua ya 6. Omba ratiba ya muhula unaoendelea, si kijitabu. Binti wa dada yangu alipenda chuo kimoja kwa sababu ya kozi za hiari 24 za mwaka wa mwisho. Nikamwambia aombe ratiba. Zilizokuwa zinafundishwa kweli muhula ule zilikuwa 7, na ile ya uchambuzi wa data aliyokuwa anaifuata haikuwemo. Alipouliza, akajibiwa kwamba mwalimu wake aliondoka.

Hatua ya 7. Mafunzo kwa vitendo. Uliza swali moja: nafasi anatafuta nani, chuo au mwanafunzi? Kisha uliza kama yanahesabiwa kwenye krediti.

Hatua ya 8. Orodha za ubora zitazame mwisho, baada ya kuwa na vyuo vyako vitatu au vinne. Jua kwanza kila orodha inapima nini. Ile ya US News, chombo cha habari cha Marekani, ya shahada za kwanza za biashara hutokana na maoni ya wakuu wa vitivo na wahadhiri waandamizi kuhusu vitivo vya wenzao. Mshahara wa wahitimu haumo. Na takwimu zinazotumwa na vyuo zimewahi kuchezewa. Mkuu wa zamani wa kitivo cha biashara cha Temple University, Moshe Porat, alitiwa hatiani mwaka 2021 kwa ulaghai wa takwimu zilizopelekwa US News ili kupandisha programu zao, hasa MBA ya mtandaoni. Mwaka 2022 alihukumiwa kifungo cha miezi 14.

Hatua ya 9. Jumlisha gharama za miaka yote, si ada ya mwaka wa kwanza.

Hatua ya 10. Ongea na mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu. Wa mwaka wa kwanza bado anapendezwa na majengo.

Maswali karibuni, lakini kwa aliyesoma.

MASWALI

Mgeni wa leo: Mkuu, mbona ndefu hivi? Nitajie tu chuo kimoja bora nimalize.

Jibu: Sitaji. Anza hatua ya 1.

Mgeni wa leo: Sasa somo la nini kama hutaji vyuo?

Jibu: Nikikutajia chuo kilichonifaa mimi mtu wa uhasibu, na wewe unataka masoko, nitakuwa nimekudanganya. Rudi na kazi zako tatu, nitakusaidia kwa moyo wote.

Mpenda namba: Nimesoma yote mara mbili, asante sana. Hesabu zangu ni za wastani. Je, nikimbie fedha? Na kwa nini programu nyingine zinadai kalkulasi wakati nyingine hazidai?

Jibu: Swali zuri, mdogo wangu. Kalkulasi hudaiwa pale ambapo uchumi na fedha vitafundishwa kwa milinganyo: gharama ya kuzalisha kipande kimoja zaidi, namna bei ya hatifungani inavyoyumba riba ikipanda. Pasipodaiwa, mambo hayo hayo hufundishwa kwa michoro na mifano. Kwa uhasibu, aljebra na umakini vinatosha. Kwa fedha za uwekezaji utabanwa baadaye usipokuwa na takwimu. Usikimbie bado. Omba mtihani wa zamani wa kozi ya kwanza ya takwimu kutoka programu unayoifikiria, ujaribu nyumbani na kitabu wazi. Ukiweza nusu yake baada ya wiki mbili za kujisomea, nenda. Nikiwa mwaka wa kwanza nilipata alama ya chini kabisa ya kufaulu kwenye takwimu, nikarudia sura moja moja na mwenzangu kila Jumamosi mpaka nikaelewa. Kama utataka, nitakuandikia mpangilio wa sura hizo.

Mpenda namba: Nitashukuru sana, kaka.

Jibu: Tumeanza hivi: wastani na mtawanyiko, uwezekano, mgawanyo wa kawaida, sampuli, kupima dhana, kisha rigresheni. Usiruke sampuli, waliokwama wengi walikwamia hapo.

Mwenye ndoto: Mbona hujaitaja Harvard? Ndiyo namba moja kwa biashara.

Jibu: Harvard Business School haitoi shahada ya kwanza ya biashara. Kitivo cha biashara cha Stanford na London Business School ni hivyo hivyo. Sifa zao zimejengwa juu ya masomo ya uzamili. Wharton, kitivo cha biashara cha University of Pennsylvania kilichoanza mwaka 1881, yenyewe inafundisha shahada ya kwanza. Ndiyo maana nasema jina kubwa ulifuatilie mpaka ujue limetokana na programu gani.

Mzazi wa wawili: Mwanangu amepata nafasi mbili. Kimoja kina AACSB ila misamaha ya uhasibu ni michache. Cha pili hakina, lakini bodi inatoa misamaha yote. Anataka kuwa mhasibu. Nimekwama.

Jibu: Mama, pole na hongera kwa pamoja. Kama ameshaamua uhasibu, na jibu la misamaha limetoka kwa bodi yenyewe kwa mwaka atakaohitimu, mimi ningempeleka cha pili. AACSB ingepata uzito zaidi kama angewaza uzamili nje au kazi ya kufundisha chuoni. Ila muulize yeye kwanza ana uhakika kiasi gani. Mtoto wa miaka 18 anayesema uhasibu kwa sababu mjomba ni mhasibu, cha kwanza kitamwachia milango mingi zaidi.

Mzazi wa wawili: Mjomba wake kweli ni mhasibu. Nitakaa naye leo jioni.

Asiyetishika: Unatisha watu bure. Mimi sikufuatilia hata moja ya haya na nina kazi nzuri.

Jibu: Nafurahi una kazi. Mimi nilifuatilia nusu nusu, nikalipa mitihani mitano. Siandiki kumtisha mtu, naandika ili asipoteze usiku wake kama nilivyopoteza wangu. Aliyebahatika asiwazuie wengine kuuliza.

Mwenye haraka: AMBA inatambua shahada ya kwanza?

Jibu: Hatua ya 4.

Karani wa fedha: Nina stashahada ya biashara. Vyuo viwili vinasema vitanipokea na krediti zangu, kimoja krediti 60, kingine 45. Nichukue cha 60?

Jibu: Usiangalie jumla, ndugu yangu. Waulize kwa maandishi kila krediti inaingia badala ya kozi gani. Krediti 60 zikiwekwa zote kwenye kozi za hiari, kozi za lazima zinabaki pale pale na muda haupungui. Za 45 zikifuta uhasibu wa awali, uchumi wa awali na takwimu, unaweza kuanzia mwaka wa pili kweli. Na ukimaliza hapo, rudi hatua ya 5, maana bodi inaweza kutaka kuona hata silabasi za stashahada.

Mhamaji: Niongezee hapo kwa Karani. Mimi nilihama chuo, nikaombwa silabasi za kozi 11. Chuo cha zamani kilikuwa kimebadilisha mtaala, za miaka yangu hazikupatikana. Nilirudia kozi 3.

Jibu: Asante sana, hili nililisahau kabisa na ni kubwa. Wote mlio chuoni sasa hivi: kila muhula ukianza, hifadhi silabasi ya kila kozi, ile kamili yenye mada za kila wiki, saa za darasa, kitabu na namna ya kupima. Orodha ya majina ya kozi peke yake haisaidii.

Karani wa fedha: Zangu ni za karatasi, nyingine zimeliwa na unyevu. Nizipige picha kwa simu inatosha?

Jibu: Kwa kujihifadhia inatosha, ila bodi na vyuo vingi hutaka muhuri. Piga picha leo, kila faili lipe jina la msimbo wa kozi na mwaka, kisha nenda ofisi ya kumbukumbu za wanafunzi uombe nakala zilizothibitishwa. Zilizoharibika anza nazo.