Kusoma kodi (herufi na namba za utambulisho) za ekseli na giaboksi kwenye Hilux ya zamani

Kabla hujaenda Kisekka, soko la vipuri la Kampala, kununua difu (mfumo wa gia wa katikati ya ekseli ya nyuma) ya Hilux yako, fungua boneti utazame kibati kilichopigiliwa kwenye ukuta unaotenganisha injini na dereva. Kifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kamwe usikikwangue kwa msasa, kwa maana herufi zake ni nyembamba. Mahali palipoandikwa TRANS/AXLE pana kodi mbili. Ya kwanza ni ya giaboksi: W56 na G52, kwa mfano, ni za manuali zenye gia tano.

Ya pili, ya ekseli, ndiyo inayowaponza wengi. Katika G294, G huonyesha ukubwa wa krauni (gia kubwa ya difu), 29 ni uwiano wa 4.56, yaani meno 41 ya krauni kwa 9 ya gia ndogo inayoizungusha, na 4 ni idadi ya pinioni (gia ndogo) za ndani ya difu. G144 ni 4.10.

Kwa kuwa difu huenda ilishabadilishwa, hakikisha: zima injini, weka gia huru, zuia magurudumu ya mbele kwa mawe, achia hendibreki, inua gurudumu moja la nyuma, kisha ulizungushe mara mbili huku mwenzako akihesabu mizunguko ya propela (shafti inayotoka giaboksi hadi difu). Ikizidi nne na nusu kidogo, ni 4.56.