Namna ya Kuhifadhi Harufu za Nyumbani: Udi, Asumini na Kanga ya Sandukuni

Mwongozo huu ni wa familia za Tanga, na za watu wa Tanga walioko mbali, zinazotaka harufu za nyumbani ziendelee kuwepo hata baada ya wazee waliozizoesha pua zetu kuondoka. Tunatunza picha, tunatunza hati za shamba na vyeti vya kuzaliwa, lakini udi aliouchanganya bibi kwa mkono wake tunauacha uishe koponi, na baada ya hapo hakuna ajuaye alitia nini.

Sababu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito imo mwilini mwetu. Habari za kuona na kusikia hupita kwanza kwenye kituo cha ndani ya ubongo kinachozigawa, ilhali habari za kunusa hutoka puani na kufika karibu moja kwa moja kwenye sehemu za ubongo zinazoshughulika na hisia na kumbukumbu. Wanasayansi Richard Axel na Linda Buck, ambao mwaka 1991 walieleza jeni zinazounda vipokezi vya harufu, walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Binadamu ana aina zipatazo 400 za vipokezi hivyo, na ni kwa jinsi vinavyoamka kwa pamoja ndipo tunapoitofautisha iliki na karafuu tukiwa tumefumba macho. Kwa kuwa njia yake ni fupi, harufu humrudisha mtu utotoni kabla hajapata hata neno la kuitaja.

Kanuni ya kwanza, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote, ni kwamba harufu hushika kumbukumbu pale inapotengewa wakati wake. Udi unaofukizwa asubuhi na jioni ili kuondoa shombo ya samaki huzoeleka, na pua huacha kuushughulikia. Udi unaofukizwa Alhamisi jioni, au usiku wa kuamkia Idi, au siku nguo za harusi zinapotolewa sandukuni, humfuata mtoto hadi uzeeni. Amueni basi nyumbani kwenu ni harufu gani iwe ya siku gani, na muishikilie.

Kuziorodhesha

Kaeni na mzee wa nyumba, na msianze kwa kumuuliza vipimo. Muulizeni shughuli: "Shikamoo bibi. Zamani mkienda maulidini mlikuwa mkijifukiza nini?" Akishaanza kueleza nani alikuwa akirusha marashi kwa mrashi, nani alishika chetezo, yaani chombo cha kufukizia, na nguo gani zilivaliwa, viungo vitakuja vyenyewe. Siku atakapochanganya, mwacheni atie kwa kiganja kama alivyozoea, ninyi mpime kila kiganja kwa mizani kabla hakijaingia chomboni. Mzee anayelazimishwa kutaja vijiko hukisia tu.

Zipo harufu ambazo hazihifadhiki, na ni vema kulikubali hilo mapema. Harufu chachu ya mkonge unaochakatwa, ambayo mkoa huu umeishi nayo tangu mtaalamu wa kilimo Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche kutoka Florida mwaka 1893, haiingii chupani, wala harufu ya matope ya mikoko maji yanapokupwa. Hizo mpelekeni mtoto azinuse mahali pake, mkimtajia kwa jina kile anachokinusa.

Asumini

Asumini huchumwa alasiri, vitumba vingali vimefumba na vyeupe, kwa sababu ua hufunguka usiku na ndipo linapotoa harufu yake yote. Lililochumwa asubuhi limekwisha kujitoa. Vitumba vifungwe kwenye kitambaa kibichi hadi magharibi, kisha vitungwe kwa uzi au vifungwe pamoja na majani ya mrehani na vipande vya mkadi kuwa kikuba cha kuvaa kifuani au kuweka chini ya mto.

Ua la asumini likikauka halibaki na kitu, kwa hiyo anayetaka kulihifadhi alipitishe kwenye mafuta. Chukua mafuta ya nazi safi yasiyo na maji, tumbukiza vitumba jioni, na kesho yake jioni uvitoe vyote kabla havijageuka rangi ya kahawia, utie vingine vipya. Rudia kwa muda wa wiki moja, kisha chuja kwa kitambaa kikavu, uyaache mafuta yatulie, na uyamimine taratibu ukiacha chini matone ya maji yaliyotoka kwenye maua, kwa kuwa maji hayo ndiyo yanayoyachachisha mafuta. Yatie kwenye chupa ya kioo yenye rangi nzito na uiweke kabatini. Ukimpelekea ndugu aliyeko Lushoto wakati wa baridi, mwambie asishtuke akikuta yameganda. Ayaweke juani kidogo yatayeyuka.

Udi wa kuchanganya

Udi wenyewe ni mti ulioshikwa na ukungu ukatoa utomvu mweusi wa kujikinga, na ni utomvu huo unaonukia, si mti mtupu. Ndiyo maana vijiti vizuri huwa vizito na vyeusi, na ndiyo maana ni ghali. Udi wa kuchanganya uliwezesha nyumba za kawaida kuupata kwa kuuongezea sukari, marashi ya waridi, unga wa sandali na mafuta ya manukato.

Kwa vikombe viwili vya udi uliopondwa vipande vidogo, chemsha kikombe kimoja cha sukari na nusu kikombe cha marashi ya waridi kwa moto mdogo. Koroga bila kuondoka. Shira ikianza kuvuta uzi kati ya vidole viwili, ipua mara moja. Ikizidi hapo itakuwa na harufu ya sukari iliyoungua, na harufu hiyo hutawala kila kitu. Tia udi na sandali ukikoroga hadi kila kipande kivikwe shira, na mafuta ya miski au ambari uyatie mwisho kabisa, mchanganyiko ukiwa vuguvugu, kwani moto huyarusha hewani. Tandaza kwenye sinia, uvunjevunje ukipoa, uweke kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa kubana. Plastiki hunyonya harufu na kurudisha ya kwake. Chupa ikae wiki kadhaa kabla ya kufunguliwa, ndipo viungo vishikane.

Kufukiza nako kuna adabu yake. Makaa ya vifuu vya nazi ni bora kwa kuwa hayana moshi mwingi wa kwake. Ngoja yavikwe jivu jeupe, kisha nyunyiza jivu jingine kidogo juu yake ndipo uweke udi, ambao utaonekana ukitoa povu dogo pembeni na moshi mwembamba wa kijivu. Moshi ukitoka mzito na mweusi, moto umezidi. Ukitaka kufukiza kanga, weka chetezo chini ya kitenga kilichopinduliwa, tandaza kanga juu, na usiondoke mahali hapo. Dirisha liwe wazi daima, kwa sababu makaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, na moshi wa udi, hata uwe mtamu vipi, huwasumbua wenye pumu na watoto wachanga. Baada ya kumaliza toka nje kwa muda, kisha urudi: pua iliyokaa chumbani imekwisha kuzoea, na ukiifuata hiyo utazidisha udi.

Kanga ya aliyetangulia

Nguo ya marehemu ambayo haijafuliwa hubeba harufu yake kwa muda, na wengi hupata faraja kubwa humo. Ikunjeni ikiwa kavu kabisa, bila udi wala dawa ya nondo ya kabatini, iwekwe kwenye chombo kisichopitisha hewa, mahali penye giza na pasipo joto. Kila inapofunguliwa hupungua, hivyo ni afadhali igawanywe: kanga mbili kwenye vyombo viwili, kimoja cha kufungua na kingine cha kuacha. Asiyekuwa tayari asisukumwe, kwa maana harufu huja na msiba wote kwa pamoja.

Wanaosafiri

Husemwa Tanga waja leo waondoka leo. Mtoto anayekwenda chuoni afungiwe kitenge kilichofukizwa pamoja na kichupa cha udi, akishauriwa autumie siku za nyumbani tu, ili usije ukageuka harufu ya mitihani. Iliki na mdalasini vya milima ya Amani apewe vizima, avisage anapohitaji.

Pua inapopotea

Baadhi ya watu hupoteza uwezo wa kunusa kutokana na mafua makali, UVIKO-19 au kuumia kichwa, na pamoja na chakula kukosa ladha hupoteza pia mlango huu wa kumbukumbu. Yapo mazoezi ya kunusa yaliyofanyiwa utafiti Ujerumani, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2009: mgonjwa hunusa waridi, limau, karafuu na mkaratusi, kila kimoja kwa sekunde chache, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Vyote vinne vinapatikana Tanga kwa urahisi. Si wote wanaopona, lakini baadhi hupata nafuu, na inasaidia mtu akijitahidi kukumbuka harufu hiyo ilikuwaje wakati anapovuta hewa. Amwone pia daktari wa masikio, pua na koo, na katika muda huo wote awepo mtu mwingine nyumbani wa kuangalia mtungi wa gesi na chakula kilicholala, kwa kuwa yeye havimpi tena onyo.