Kumnyoa mbwa nyumbani: mafundo kwanza, maji baadaye

Jirani aliniletea mbwa wake wa aina ya Maltese baada ya kumwogesha vizuri ili awe tayari kunyolewa. Manyoya ya makwapani na nyuma ya masikio yalikuwa yameshikana kama mkeka. Naandika haya ili usimtese wako vivyo hivyo.

Kwanza jua manyoya ya mbwa wako. Maltese, Shih Tzu na Poodle manyoya yao hukua bila kukoma, kwa hiyo lazima yapunguzwe. Japanese Spitz na German Shepherd wana tabaka mbili za manyoya. Ukiwanyoa hadi karibu na ngozi ukidhani unawapunguzia joto, unawaondolea kinga dhidi ya jua, na huenda manyoya yakarudi mabaka mabaka. Hao wachane tu.

Vifaa: mashine ya kunyolea mbwa yenye meno namba 10 (yanayonyoa karibu na ngozi), vitana vya kuvesha juu ya meno hayo, chanuo la chuma, na mkasi wenye ncha butu. Mashine ya kinyozi siipendekezi kabisa. Kwenye manyoya mazito ya Poodle hukwama, huvuta na kupata moto upesi. Mafuta ya cherehani yanatosha kulainisha meno.

1. Mtembeze kwanza apunguze nguvu, kisha msimamishe juu ya meza isiyoteleza.

2. Toa mafundo yote angali mkavu. Maji hulikaza fundo, na likikauka huwa gumu kuliko mwanzo. Papasa kwa vidole nyuma ya masikio, makwapani, chini ya mkanda wa shingoni, kati ya mapaja na katikati ya vidole. Huko huko ndiko kupe hujificha. Nyunyizia unga wa mahindi laini (ule mweupe wa kuungia supu, si wa ugali), kisha shika shina la fundo kwa vidole viwili ili ngozi isivutwe. Anza kuchana kwenye ncha, ukirudi nyuma kidogo kidogo kuelekea kwenye ngozi.

Likikataa, usipitishe mkasi chini yake. Fundo huinua ngozi na kuificha ndani, na ngozi ya mbwa ni nyembamba: unaweza kukata nyama ukidhani ni manyoya. Tumia mashine yenye namba 10, uilaze sambamba na ngozi, upite chini ya fundo polepole. Sikioni ongeza uangalifu, kwa sababu ukingo wake ni mwembamba na hukatika kirahisi. Ukikuta ngozi nyekundu, yenye majimaji au harufu, acha kunyoa na umpeleke kwa daktari wa mifugo.

3. Mwogeshe kwa shampuu ya mbwa, umkaushe mpaka kwenye ngozi. Manyoya mabichi hayanyoleki sawasawa.

4. Vesha mashine kitana cha urefu wa manyoya unaotaka yabaki. Anzia shingoni kuelekea mkiani, ukifuata manyoya yanavyolala. Kila baada ya dakika chache gusisha meno kwenye kifundo cha mkono wako. Yakikuunguza wewe, yanamuunguza na yeye. Kwapani, na kwenye ngozi inayoning'inia mbele ya paja, inyooshe kwanza kwa kiganja.

5. Usoni tumia mkasi pekee, ncha ikielekea mbali na jicho, mkono mmoja ukimshika kidevu.

Akianza kuhema na kutetemeka, zima mashine. Miguu ya nyuma mmalizie kesho.