Kufunga geji ya presha ya oili kwenye lori

Kabla hujalipa pesa Kariakoo, soma nyuma ya geji. Malori mengi makubwa yanatumia volti 24. Geji ya volti 12 inaweza kuungua hapo. Nunua geji na sensa yake pamoja: ya omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 10 hadi 180 ikikutana na ya 240 hadi 33, mshale utasoma kinyumenyume.

Injini ikiwa imepoa, chomoa waya wa hasi wa betri, kisha fungua swichi ya oili ya kiwandani. Weka tii (kiungo chenye midomo mitatu), swichi irudi upande mmoja, sensa ikae upande wa pili. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Injini za Kijapani mara nyingi zina nyuzi (mizunguko ya skrubu) 28 kwa inchi, geji nyingi za Marekani zina 27. Zinashikana mizunguko miwili, halafu zinakaza. Ukilazimisha, unapasua tundu la bloku. Tafuta adapta.

Tepu nyeupe ya bomba izungushe kwenye nyuzi za sensa mara mbili tu, ukiacha uzi wa kwanza wazi. Sensa ya waya mmoja hupata hasi kupitia chuma cha injini, na tepu ikizidi huikata hiyo hasi.

Chanya ichukue kwenye waya unaopata umeme ukiwasha swichi ya ufunguo, upitie fyuzi ya ampea 3. Waya wa sensa usiguse ekzosi.

Washa injini, mulika tii kwa tochi dakika tano. Ikitokwa na jasho la oili, zima, kaza upya.