Jinsi ya kusoma mkato wa juu wa skapula bila kubabaika

Kama uko mwaka wa kwanza udaktari na mtihani wa mifupa unakaribia, toa skapula (ule mfupa bapa wa nyuma ya bega) kwenye boksi ukae nayo nusu saa, maana kuna kitu kidogo pale juu wengi tunakiruka afu kinakuja kutusumbua wodini.

Kwanza jua umeshika ya upande gani. Lile tuta refu la mfupa linakaa nyuma, kile kidole kilichopinda, yaani korakoidi, kinakaa juu mbele, na kikombe kinachopokea mfupa wa mkono kinatazama nje. Ukishindwa iweke tu mgongoni kwako kama mtu anayejipima shati, upande itakapokaa vizuri ndo wenyewe.

Sasa pitisha kidole kwenye ukingo wa juu, anzia kona ya ndani uende kwenye korakoidi, na ukikaribia shina lake kidole kitadidimia kidogo. Hapo ndo mkato wa suprascapula. Kwa mtu aliye hai mkato huo umefungwa juu na ligamenti (utepe mgumu wa nyuzinyuzi), neva ya suprascapula inapita chini yake na ateri inapita juu (kwa kawaida, maana wapo watu ateri nayo inapita chini, ndo maana daktari wa upasuaji hakati kwa mazoea). Mimi huwa nachukua nyuzi mbili za kushonea, nabandika selotepu juu ya mkato iwe ndo ligamenti, ya njano naipitisha chini yake, nyekundu nailaza juu. Fanya hivyo mara moja tu, hutakaa uchanganye tena.

Umbo la mkato ndo linatofautiana mtu na mtu. Mtafiti Rengachary na wenzake mwaka 1979 waligawa aina sita: ya 1 hakuna mkato wa maana, ukingo wote umebonyea tu, ya 2 ni V pana butu, ya 3 ni U na ndo utakayokutana nayo sana, kwao ilikaribia nusu ya mifupa, ya 4 ni V ndogo nyembamba, ya 5 ligamenti imegeuka mfupa kwa sehemu, ya 6 imegeuka mfupa yote kwahiyo unaona tundu kamili. Ukibishana na mwenzako kama hii ni U au V chukua kalipa (kile kifaa cha kupimia vipimo vidogo) upime kina na upana, watafiti wengine, Natsis na wenzake, mwaka 2007 walitumia vipimo hivyo hivyo kugawa aina zao na binafsi naona vinapunguza ubishi.

Angalizo, mifupa ya maabara imeshikwa na vizazi vya wanafunzi na imedondoshwa sana. Mimi nilishamwambia msimamizi kwa kujiamini kabisa "hii aina ya 1", kumbe ukingo ulikuwa umemeguka! Angalia kwa karibu, palipovunjika pana ncha kali na ndani unaona vitundutundu kama sponji, pa asili pamelainika na rangi ni ileile.

Haya, wodini inasaidia nini? Nafasi ikiwa finyu, hasa aina ya 4, 5 na 6, neva inaweza kubanwa. Mgonjwa anakuja na maumivu mazito nyuma ya bega, kupaka rangi dari hawezi tena, ila ngozi haina ganzi. Simama nyuma yake akiwa amevua shati, linganisha mabega, tafuta shimo juu na chini ya tuta (ndo dalili msuli umesinyaa), halafu viwiko vikiwa vimebana mbavuni mwambie asukume mikono kwenda nje wewe umzuie. Ila usimpe mtu ugonjwa kwa sababu ya picha tu, wenye tundu kamili wengi wanaishi nalo hawana habari. Kipimo cha EMG (cha umeme wa misuli) kinaonyesha kama neva imeumia, picha ya MRI inatafuta uvimbe unaobana, picha ya CT inaonyesha umbo la mkato vizuri zaidi. Wengi wanaanza na mazoezi ya tiba, ikishindikana ligamenti inakatwa, na kama imeshakuwa mfupa daktari ajue mapema maana mkasi hautoshi hapo.

Na ukikuta msuli wa chini ya tuta peke yake ndo umesinyaa, wa juu uko salama, usihangaike na mkato huu, neva imebanwa baada ya kuupita mkato, pale inapozunguka mwisho wa tuta, wacheza voliboli wanaipata sana hiyo.