Mbabula mbali na ukuta wa mbao

Jamani mnaochoma mbuzi siku ya Mungu hapa Goma, mbabula, yaani jiko la makala (makaa), isikae kando ya ukuta. Nyumba zetu nyingi ni mbao na mabati, tena zimebanana. Upepo wa ziwa ukiamka, cheche inafika kwa jirani kabla hujageuza brosheti. Marekani miji mingi inakataza jiko la makala kwenye balkoni za ghorofa, liwe mita 3 kutoka jengo. Mtaa wa Birere hapa kwetu, utazitoa wapi mita 3! Basi weka katikati ya uwanja, juu ya mawe ya volkano (hayo hatujakosa), bidoni ya maji karibu. Mafuta yakishika moto, ondoa nyama, nyunyizia majivu, si maji.

Kinachonitisha zaidi ni baada ya kula. Mvua inanyesha, mtu anaingiza mbabula chumbani watoto wapate joto. Makala hata bila moshi yanatoa monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu: haina harufu, inaua watu usingizini. Iache nje, hata kama imeonekana kuzimika.

Majivu nayo, yamwagie maji kwanza. Mimi niliyaacha usiku kucha, asubuhi nikayatia kwenye ndoo ya plastiki. Ndoo ikatoboka chini, tundu la kupitisha ngumi.